Boti Yenye Breki

Mji mzima ulimwita Breki, na kwa jina hilo hakuonewa. Alikuwa mwalimu wa udereva, ana shule yake mwenyewe yenye gari moja, na ndani ya gari hilo neno lililomtoka kinywani kuliko yote lilikuwa hilohilo. Mwanafunzi akikaribia kona, "Breki!" Akiona kuku ng'ambo ya barabara, "Breki!" Akinyoosha mkono kuwasha redio, "Breki!" Na mwanafunzi akichelewa, Breki alikanyaga mwenyewe, maana gari la mafunzo lina breki ya pili upande wa mwalimu. Mpira wa pedali yake ulikuwa umelika ukabaki chuma kitupu, wakati ule wa upande wa mwanafunzi ungali mpya vilevile. Jamani, kuna watu walihitimu pale bila kujua gari lina gia ya nne.

Aliyeteseka kuliko wote ni binti yake. Huyu binti alikuwa daktari wa mifugo. Alikuwa amesoma mpaka macho yakamuuma, na hatimaye akapata kazi kwenye kituo kinachohudumia mashamba ya nje ya mji. Sasa kazi yenyewe ni ya kuendesha gari, kwa sababu ng'ombe mgonjwa hawezi kupanga foleni hospitalini. Mkuu wa kituo akamwambia waziwazi: nafasi yako inakungoja mpaka mwisho wa mwezi, usipoleta leseni namchukua mwingine. Na leseni haiji bila mtihani, na mtihani huendi mpaka mwalimu wako aseme uko tayari.

"Baba, sasa niko tayari?" binti aliuliza kila jioni wakiegesha gari.

Breki aliangalia paa la gari kana kwamba jibu limebandikwa huko. "Bado kidogo. Kona zako bado."

"Kona zangu zina nini?"

"Unaziingia kama unazijua."

Mtu atauliza, mbona hakwenda shule nyingine? Alijaribu. Mwalimu wa upande wa pili wa mji alipojua ni binti wa nani alicheka, kisha akaogopa, kisha akasema gari lake ni bovu. Nani alitaka Breki aje amkagulie kazi yake? Kwa hiyo binti akabaki chini ya mguu wa baba yake, na mwezi ukawa unakwenda.

Haya. Breki alikuwa na ugonjwa wa pili, na ugonjwa huo ulikuwa boti. Si boti za kupanda watu, bali zile ndogo za mashindano, urefu wa mkono, zinazoendeshwa kwa rimoti. Kulikuwa na shimo kubwa kwenye kiwanda cha zamani cha matofali, likajaa maji likawa bwawa, na wanaume wazima wenye vitambi na wajukuu walikusanyika pale kushindana. Bingwa wao alikuwa shemeji yake Breki, mdogo wa mkewe, muuza magodoro, mtu wa kucheka kwa sauti na kupiga watu mgongoni. Boti yake iliitwa Mtanikoma. Ya Breki iliitwa Taratibu, na kwa kweli ilistahili jina lake.

Mwaka uliopita Taratibu iliungua katikati ya bwawa. Kilichoungua hasa ni kidhibiti mwendo, kile kiboksi kidogo kama kipande cha sabuni kinachokaa kati ya betri na mota. Unapovuta kifyatulio cha rimoti, chenyewe ndicho kinachoamua umeme kiasi gani upite, na propela izunguke kwa kasi gani. Ukikinunua kidogo kuliko njaa ya mota, kinabeba mzigo usio wake, kinachemka, kinatoa moshi. Cha Breki kilitoa moshi mbele ya watu wote. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope na suruali yake nyeupe, na hata hiyo suruali haikumkatisha. Breki aliifunika boti yake kwa taulo, akaibeba mpaka nyumbani bila kusema na mtu. Siku hiyo alikataa hata chai.

Kwa hiyo mwaka huu aliamua kukichagua kidhibiti mwenyewe, kwa akili yake, bila ushauri wa mtu. Na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa jembamba, rafu mpaka darini, na mwenye duka ni mwanamke mwenye miwani ya kukuzia aliyoipandisha kwenye paji la uso. Watu wa bwawani walimwita Dada Waya. Alimpokea vizuri, akashusha miwani, akauliza anachouliza kila mtu.

"Mota yako inakula ampea ngapi ikiwa imezidiwa, mzee?"

"Kina breki?" akauliza Breki.

Dada Waya alidhani hakusikika. "Nauliza mota. Ikila sitini, nikupe cha tisini, kisihangaike. Boti si kama gari, mzee. Gari likishapata mwendo linateleza, mota inapumua. Maji yanasukuma muda wote, mota haipumziki hata kidogo. Na betri yako ina seli ngapi? Maana ukizidisha seli, chote kinakwenda na maji."

"Seli nitakwambia. Kina breki?"

"Cha boti hakihitaji breki." Akaweka mezani kidhibiti kimoja kizuri, kina vimirija viwili vya kupitisha maji ya bwawani yakipooze. "Hiki kinakwenda mbele basi. Ukiachia, kinaachia. Maji yenyewe ndiyo yanaipunguza boti."

Breki alikitazama kidhibiti kile kama mtu aliyeletewa mkwe asiye na kazi. "Dada yangu, jina lake nani?"

"Kidhibiti mwendo."

"Kudhibiti maana yake nini?"

"Kupima. Kutoa kwa kiasi."

"Kuzuia!" Breki akagonga meza. "Kudhibiti ni kuzuia! Polisi wakidhibiti ghasia wanazipima? Sasa unaniuzia kidhibiti kisichozuia, hicho kinadhibiti nini? Mimi nimefundisha nusu ya mji huu, na nakwambia, chombo chochote kisicho na breki ni jeneza linalosubiri mtu!"

Dada Waya alivuta pumzi. Alishawahi kuwauzia watu wa kila namna, lakini huyu alikuwa wa namna yake. Akapanda ngazi, akashusha kiboksi kingine kutoka rafu ya juu. "Haya. Hiki ni cha kote kote, gari na boti. Ni cha tisini, kina mirija ya maji, kina breki, kina rivasi. Lakini sikiliza vizuri, mzee. Ukikiweka kwenye boti, breki na rivasi unavizima kabla hujaingia majini. Unashika kifyatulio, unawasha, unahesabu milio yake, unachagua. Usipovizima—"

Breki alikuwa ameshasikia "kina breki", na baada ya hapo masikio yake yakafunga duka. Alitoka na boksi lake kwapani, anapiga mluzi.

Jumapili, kwenye chakula cha mchana, shemeji alikuja kama kawaida bila kualikwa, akalikuta boksi mezani kando ya bakuli la mboga. Akalisoma juu juu, akashika mbavu.

"Breki? Shemeji, umeweka breki kwenye boti? Na mkanda wa usalama umefunga wapi? Na honi?"

"Cheka tu," Breki alisema. "Wewe kona huzijui. Unaziingia na moto wote, siku moja utapinduka, na mimi nitakupita huku nimepunguza mwendo kama binadamu."

"Nikipinduka mimi, nakula godoro."

"Mnakula chakula changu kwanza," mke wa Breki akasema, "mambo ya magodoro baadaye."

Binti alikuwa amelichukua boksi, anageuza upande wa nyuma wenye maandishi madogo. Breki alipoona mtoto anasoma, moyo ukamjaa, akaona huo ndio wakati wa somo.

"Tena kwa kuwa mpo wote," akasema, "nasema mbele ya mjomba wako na mama yako. Nyinyi mnadhani breki ni woga. Sasa boti itatuamulia. Taratibu ikishindwa na Mtanikoma, kesho yake nakupeleka mtihani kwa mkono wangu, na sitasema neno. Lakini ikishinda, yaani breki ikimshinda asiye na breki, basi unarudi kwenye kona kuanzia mwanzo, na hutaniuliza tena kama uko tayari mpaka mimi mwenyewe nikwambie."

"Na kazi yangu, Baba? Mwezi unaisha."

"Kazi zipo nyingi. Roho ni moja."

Mama mtu akaweka mwiko chini. "Mume wangu, unamchezea mtoto kamari na mdoli wa majini?"

"Si mdoli. Ni chombo."

Shemeji akampiga binti mgongoni. "Usihofu, mjomba. Leseni unayo. Baba yako hata nikimwachia mzunguko mmoja hanishindi." Na kusema kweli, mtu yeyote mezani pale aliona hivyo. Binti alikuwa na mtihani mkononi, kilichobaki ni baba yake ashindwe, jambo ambalo baba yake alikuwa na uzoefu nalo.

Jumamosi ya kabla ya mashindano, jioni mapema, Breki alikuwa uani anakunja taulo. Hakulichukua kwa sababu ya lolote, alilichukua tu. Kutoka chumba cha boti akasikia milio: tii, tii-tii, tii. Akaita, "Nani huyo?" Binti akajibu ni yeye, anafuta vumbi. Breki akafurahi kwamba mtoto ana adabu hata kabla ya kushindwa, akaendelea na taulo lake.

Siku yenyewe bwawa lilijaa watu. Madumu mawili ya manjano yalifungwa kwenye mawe yawe alama za kona, na mshika filimbi, ambaye siku za kazi ni kinyozi, akasimama juu ya rundo la matofali. Breki alisimama na rimoti yake mikono ikiwa imenyooka, kama mtu aliyeshika usukani. Binti alisimama nyuma yake kidogo. Hakuwa na furaha ya mtu anayekaribia kupata leseni, na Breki aliliona hilo, akalitafsiri anavyotaka.

Filimbi ikalia. Mtanikoma ikatoka na kelele zake zote, maji yanaruka nyuma, shemeji anapiga kelele kuliko boti. Taratibu ikafuata. Na hapo watu wakageuza shingo, kwa sababu Taratibu ilikuwa inakwenda. Kile kidhibiti kipya kilikuwa na nguvu ya kutosha na ziada, maji yalitoka kwenye kamrija kake ubavuni kama inavyotakiwa, na kwenye mnyoosho ilikuwa haiachwi sana.

Kona ya kwanza. "Breki!" Breki alijipigia kelele mwenyewe, akasukuma kifyatulio mbele kwa nguvu zake zote, kule kunakozuia. Boti ikapunguza mwendo kwa ulaini wa ajabu, ikainama kidogo, ikalizunguka dumu karibu kiasi cha kuligusa, ikatoka upande wa pili imenyooka. Loo! Breki hakuwahi kukata kona ya namna ile maishani mwake. Kona ya pili vilevile. "Breki!" Ikateleza, ikazunguka, ikatoka. Shemeji alikuwa bado mbele, lakini kila kona boti yake iliruka na kukaa ubavu, na kila kona Taratibu ilimkaribia.

Kwenye kona ya mwisho shemeji alisikia mlio wa Taratibu nyuma yake, akafanya anachofanya kila siku, akaongeza. Mtanikoma ikainua pua, ikasimama wima kama inayotafuta mtu, ikalala chali. Propela ikabaki hewani inazungukia upepo. Taratibu ikapita pembeni yake polepole, kwa heshima, ikamaliza ya kwanza.

Jamani, mtu asiyezoea kushinda asishinde ghafla! Breki alirusha taulo hewani. Alimkumbatia kinyozi. Alipanda juu ya matofali akahutubia. "Mmeona? Breki hiyo! Mmeona inavyoshika? Laini! Hata haikustuka! Shemeji, godoro unakula na chumvi au hivihivi?" Shemeji alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni anaitafuta boti yake. Breki akamgeukia binti. "Sasa umejifunza?"

"Ndiyo, Baba," binti akasema, na akatabasamu tabasamu la kweli, ingawa macho yalikuwa na maji. "Hongera sana."

Wiki hiyo nyumba haikukalika. Breki alizungumza habari ya breki wakati wa chai, wakati wa chakula, na mkewe anadai hata usingizini. Binti alirudishwa kwenye kona kuanzia mwanzo kabisa, kuzunguka uwanja mtupu kwa gia ya kwanza, na hakulalamika. Mkuu wa kituo alimpigia simu, binti akaenda kuisikilizia uani, akarudi akaendelea kumenya viazi.

Kisha Breki akapata wazo la kuwafundisha wanafunzi wake kwa mfano. Akaipeleka Taratibu shuleni, akaiweka kwenye beseni la maji juu ya meza, wanafunzi wakazunguka.

"Tazameni propela. Navuta, inazunguka. Sasa nakanyaga breki, itasimama papo hapo. Tazameni!"

Akasukuma kifyatulio. Propela haikusimama. Ilizunguka, ikazunguka, ikapungua yenyewe taratibu mpaka ikachoka. Akarudia. Vilevile. Akasukuma mpaka kidole kikauma. Mwanafunzi mmoja, mama wa makamo, akauliza kwa upole kama breki hiyo inakuja baadaye.

Breki alifika kwa Dada Waya na kidhibiti mkononi. "Umeniuzia breki mbovu! Nimekwenda mashindanoni na breki mbovu! Ningeweza kufa!"

"Ungekufaje, mzee, si ulikuwa nchi kavu?" Dada Waya akashusha miwani, akachomeka kidhibiti kwenye kijibao chake cha kusomea mipangilio, akaangalia taa zinavyowaka. "Si mbovu. Imezimwa. Breki imezimwa, na rivasi imezimwa. Ndivyo nilivyokwambia ufanye, nikajua hukunisikia. Kumbe ulinisikia."

"Sikuzima chochote."

"Basi kuna mtu kazima. Hiki hakijizimi chenyewe. Unashika kifyatulio, unawasha, unahesabu milio."

Tii, tii-tii, tii. Breki alishika ukingo wa meza.

"Na kama ingekuwa imewashwa?" akauliza, sauti imeshuka.

"Na wewe unavyosukuma hicho kifyatulio?" Dada Waya alitikisa kichwa. "Kona ya kwanza tu propela ingekwama ghafla, boti ingechimba pua, na ukiendelea kusukuma rivasi inaingia wakati boti bado ina mwendo. Maji yote ya nyuma yanaingia ndani, na hiki kinatoa moshi. Shemeji yako angekuwa anacheka mpaka sasa hivi. Mzee, aliyekuzimia hii anakupenda."

Breki alirudi nyumbani kwa miguu, kidhibiti mfukoni, na njia nzima hakuwaambia hata watoto wanaovuka barabara waangalie pande zote. Alikuwa anapiga hesabu moja tu, na haikutaka kukaa sawa. Binti alijua baba akishindwa yeye anakwenda mtihani. Hakutakiwa kufanya lolote. Alitakiwa kukaa tu, mikono mapajani.

Alimkuta anaosha gari la mafunzo, sketi imekunjwa, povu mpaka viwikoni. Breki akakitoa kidhibiti, akakiweka juu ya boneti. Binti akakiona, akaacha kufuta.

"Kwa nini?" Breki akauliza.

Binti alikamua kitambaa muda mrefu kuliko kinavyohitaji. "Mwaka jana nilikuwa mlangoni ulipokuja na ile boti kwenye taulo. Ulipita kama hukuniona. Nikasema sitaki kuona tena baba yangu anachekwa vile."

"Na kazi yako?"

"Niliitaka sana, Baba. Usinifanye niseme siitaki." Akakichovya tena kitambaa kwenye povu. "Lakini nilishindwa kukaa pale nikuangalie unaungua, halafu niende mtihani nacheka."

Breki alifungua mdomo. Mtu huyu ambaye kwa kila hatari duniani alikuwa na neno moja tayari, sasa alilitafuta lingine akakosa. Alijipangusa uso kwa mkono, akajipaka povu la gari, wala hakujua.

"Kona zako," akasema mwishowe, "ni nzuri. Zilikuwa nzuri tangu zamani. Mimi ndiye niliyekuwa nakanyaga."

"Najua, Baba. Pedali yangu haikuwahi kulika."

"Suuza hilo gari. Tunakwenda kwa mtahini, nimuombe akuweke kabla mwezi haujaisha. Unaendesha wewe."

Binti aliingia haraka upande wa usukani, mikono bado mibichi, akafunga mkanda, akatengeneza kioo. Akangoja mlango wa upande wa mwalimu ufunguliwe, upande ule wenye breki ya pili. Haukufunguliwa. Breki alisimama kando ya mlango ule, akaitazama ile pedali iliyolika mpaka chuma kupitia dirishani. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa katikati ya kiti mahali ambapo hajawahi kukaa tangu alinunue, magoti yamemfika kidevuni.

"Haya," akasema. "Twende."

Binti akatoa gari, akaingia barabarani, akapanda gia moja baada ya nyingine, mpaka ya nne. Kona kubwa ya kwanza ikaja. Kwenye kioo alimwona baba yake amefumba macho, midomo imebanwa, na chini akasikia kishindo cha kiatu kinachokanyaga zulia tupu.

"Baba," akasema, akiikata kona. "Mguu."

"Sijagusa kitu," Breki akajibu.